Pesa za siku 28: tunawasaidia au tunawazamisha?



Kila mwaka, kuanzia Machi mpaka Agosti, simu za wengi wetu tulioko Uingereza huwa zina wimbo mmoja. Mtoto wa shangazi, jirani wa zamani wa Tabata, mwalimu aliyekufundisha sekondari, kila mmoja ana kijana aliyepata chuo huku, na wote wanaomba kitu kile kile. Hawaombi ada. Hawaombi nauli. Wanaomba uweke pesa kwenye akaunti, zikae siku 28, zionekane, halafu zirudi kwako "bila kupungua hata senti". Mimi ni muuguzi, si mwanasheria wa uhamiaji, ila nimeishi hapa miaka ya kutosha na nimekesha kazini na vijana wengi walioingia nchi hii kwa pesa za namna hiyo. Nauweka msimamo wangu mezani mapema ili anayetaka kunirushia mawe aanze kuokota: tuache kabisa kukopesha salio. Mwenye uwezo ampe kijana hiyo pesa iwe yake. Asiye na uwezo aseme hapana.

Kwa wasioujua utaratibu nitaeleza kidogo. Mwombaji wa viza ya masomo ya Uingereza anatakiwa kwanza apate hati inayoitwa CAS kutoka chuo chenye leseni ya kudhamini wanafunzi wa kigeni. Akishaipata, aonyeshe kwamba anayo ada iliyobaki ya mwaka wa kwanza pamoja na pesa za kujikimu. Kwa viwango vilivyoanza Novemba 2025, kujikimu ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa chuo cha London na pauni 1,171 kwa nje ya London, na inahesabiwa kwa miezi isiyozidi tisa. Piga hesabu: nje ya London unapata pauni 10,539, London pauni 13,761. Hapo ada hujaigusa. Pesa hizo zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 iangukie ndani ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Ongeza ada ya viza yenyewe, ambayo Aprili 2025 ilipandishwa hadi pauni 524. Ongeza ada ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Kwa kozi ya uzamili ya mwaka mmoja viza huzidi mwaka kwa miezi michache, kwa hiyo ada ya afya inafika pauni 1,164, na inalipwa yote kabla hujaondoka nyumbani. Kipimo cha kifua kikuu nacho kina gharama yake. Nauli bado.

Sasa sheria yao na ukoo wetu vinapishana mahali pamoja pabaya sana. Kwa mwombaji wa kawaida asiye na mfadhili wala mwenzi, akaunti inayokubalika ni ya kwake mwenyewe, au ya mzazi, au ya mlezi anayetambuliwa kisheria. Ikiwa ni ya mzazi, uambatanishe cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi ya kuridhia. (Na wengi wetu vyeti tulivifuata RITA tukiwa watu wazima, jina la baba limeandikwa hivi kwenye cheti na vingine kwenye pasipoti. Hilo nalo ni mada ya siku nyingine.) Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Baba mdogo aliyekuchukua ukiwa darasa la pili, akakusomesha mpaka kidato cha sita, machoni pa afisa wa viza ni mtu baki, labda awe na karatasi za mahakama. Waliotunga sheria hii hawakufikiria hata dakika moja jinsi mtoto anavyolelewa kwetu. Nalisema hili kwa hasira, kwa sababu ndilo linalowasukuma watu waadilifu kabisa kwenye ujanja. Pesa ya mjomba ni pesa halali, lakini ili ihesabike inabidi ihame, iingie akaunti ya kijana au ya mama yake. Na ikishahama, hakuna anayejua tena kama ni zawadi ama ni mkopo wa siku 28. Hapo ndipo mchezo unapoanzia.

Tena mchezo wenyewe hauwadanganyi hao tunaodhani tunawadanganya. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Taarifa ya benki inaonyesha mshahara unaingia tarehe 25 na tarehe 28 umekwisha. Halafu ghafla, mwezi mmoja kabla ya maombi, zinaingia shilingi milioni thelathini na kitu kwa mkupuo. Afisa hahitaji digrii kuliona hilo. Anaweza kumwita kijana kwenye mahojiano ya video na kumuuliza kwa upole tu: pesa hizi zimetoka wapi? Utaishi wapi? Kozi hii ina masomo gani? Kwa nini chuo hiki na si kingine? Na kijana, ambaye barua yake ya maelezo iliandikwa na wakala, anaanza kutafuta maneno. Akikataliwa, ada ya afya hurudishwa, ada ya viza hairudi. Akionekana amedanganya au amewasilisha karatasi za kughushi, anaweza kufungiwa miaka kumi. Kijana wa miaka 23 anafungiwa mpaka afike 33.

Lakini mimi sizungumzii zaidi wanaokataliwa. Wanaokataliwa wanaumia, wanalia, wanaendelea na maisha wakiwa kwao, wamezungukwa na watu wao. Nawazungumzia wanaopata.

Mwaka jana mama yangu mdogo alinipigia simu kwa ajili ya mtoto wa rafiki yake wa kanisani. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za watoto, akaingia kwenye shida yake. Nikamuuliza, "Mama mdogo, nikiziweka halafu zikarudi kwangu, huyo mtoto atakula nini akifika?" Akacheka. "Si atafanya kazi mwanangu? Wewe si unafanya kazi huko?" Sikumlaumu hata kidogo. Ndivyo watu wengi nyumbani wanavyoamini, na tuliowafanya waamini ni sisi tulioko huku, na picha zetu za makoti na magari. Viza ya mwanafunzi imegeuka kwenye vichwa vya watu kuwa viza ya kubeba boksi yenye darasa kidogo pembeni.

Basi tuhesabu hiyo kazi. Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Wiki ni Jumatatu mpaka Jumapili na hakuna kufidia: ukifanya saa 10 wiki hii huwezi kufanya 30 wiki ijayo. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025 kwa wenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mara 20 ni pauni 244 kwa wiki, kama pauni 1,058 kwa mwezi kabla ya makato yoyote. Linganisha na ile pauni 1,171 ambayo serikali yenyewe inasema ndiyo ya kujikimu nje ya London. Yaani hata ukiipata kazi siku unayoshuka uwanja wa ndege, ukapewa saa zote 20 kila wiki, usiugue, usifiwe, hufiki. Na hapo hujalipa senti ya ada, ambayo kwa kozi nyingi za uzamili huanzia pauni elfu kumi na kitu na kupanda.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa hospitali analiona haraka kuliko mwingine. Kazi inayowapokea vijana wetu wengi ni ya kutunza wazee na wagonjwa. Shifti zake ni ndefu, mara nyingi saa 12. Ukitoa mapumziko yasiyolipwa, zinabaki 11 na kitu. Shifti mbili kwa wiki tayari ni 22 au 23. Umeshavunja sharti la viza na bado ni Jumanne! Kwa hiyo mwanafunzi anayefuata sheria kwenye kazi hiyo anapata shifti moja ndefu na vipande vipande, ikiwa mwajiri atakubali vipande. Kusambaza chakula kwa baiskeli nako ni kujiajiri, na kujiajiri ni marufuku kwa mwenye viza hiyo. "Nitafanya sana likizo ya kiangazi," wanasema. Kwa mwanafunzi wa uzamili wa mwaka mmoja kiangazi si likizo, ni wakati wa kuandika tasnifu, na saa ni zile zile 20. Mawakala hawalisemi hili. Labda wengine hawalijui.

Nimefanya kazi na binti mmoja, sitataja kwao wala chuo chake. Alikuja kusoma afya ya jamii. Sehemu ya kwanza ya ada ililipwa kwa kuuza kiwanja cha marehemu baba yake. Salio la kujikimu lilikuwa la ndugu aliyeko nchi nyingine ya Ulaya. Viza ilitoka Alhamisi, Ijumaa mwenye pesa akazichukua, kama walivyokubaliana. Hakumdhulumu mtu. Binti akapanda ndege na pauni mia nne. Chumba kimoja mji wetu kilikuwa kinazidi hizo kwa mwezi, kwa hiyo akalala sebuleni kwa watu, kwenye nyumba ya watu sita. Akajiandikisha kwa mawakala wawili wa kazi ili saa zisionekane pamoja, bila kujua kwamba mishahara yote inaripotiwa kodi chini ya namba yake moja ile ile. Usiku alikuwa nasi wodini, asubuhi anapanda basi kwenda darasani. Mara mbili nilimkuta chumba cha mashuka amelala amesimama, kichwa kwenye rafu. Nikamwambia akae nikamletea chai. Mgonjwa anayesubiri kugeuzwa kitandani saa tisa ya usiku anahitaji mtu aliye macho, na yule hakuwa macho. Hilo nalo tuliseme, kwa sababu siku mgonjwa akianguka, lawama haitamfuata mwenye salio.

Sehemu ya pili ya ada ilipofika tarehe hakuwa nayo. Chuo kikamfungia mtandao wa masomo, kikampa wiki kadhaa, kisha kikaondoa udhamini na kutoa taarifa, kama sheria inavyokilazimu. Ikaja barua ya viza kufupishwa, siku 60. Amerudi nyumbani bila cheti na bila kiwanja. Mama yake hajui habari yote. Amewaambia kozi imekwisha.

Mtu ataniuliza, je, yule ndugu aliyekopesha ana kosa? Kwa nia, hana. Lakini angesema hapana, familia ingelazimika kukaa chini na kuuliza maswali Dar es Salaam, kabla ya kiwanja kuuzwa. Lile salio lilinyamazisha swali. Swali la afisa, "una pesa za kuishi?", hata likiulizwa kwa kiburi ni swali zuri, na jibu lake lilikuwa hapana.

Wakala naye tumwangalie. Wakala wa vyuo hulipwa kamisheni na chuo mwanafunzi anapoandikishwa, na wapo wanaomtoza na mzazi juu yake. Halipwi zaidi kijana akihitimu, wala hapunguziwi kijana akifukuzwa mwezi wa tano. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini kila kozi kwake ni "nzuri sana" na kila swali la pesa jibu lake ni "tafuta ndugu akuwekee".

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Wewe umeshavuka mto, sasa unatufungia daraja." Wakuu, daraja linafungwa na wenyewe, na kila ujanja wetu unawapa sababu. Mwaka 2014 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha watu wakifanyiwa mtihani wa Kiingereza na wengine. Serikali ikafuta viza za maelfu kwa maelfu, wakiwemo waliokuwa wamefanya mtihani wenyewe, na baadhi yao walihangaika miaka mingi mahakamani kusafisha majina yao. Miaka miwili kabla ya hapo, Agosti 2012, London Metropolitan University ilinyang'anywa leseni ya kudhamini wanafunzi wa kigeni, na watu waliokuwa wanasoma kwa haki wakajikuta wanatafuta chuo kingine cha kuwadhamini. Rungu likishuka halichagui. Na masharti yanazidi kubana: tangu Januari 2024 wengi wa wanafunzi hawaruhusiwi kuleta mume, mke au watoto, isipokuwa wa shahada za utafiti na wanaosomeshwa na serikali. Viza ya kubaki kazini baada ya kuhitimu, iliyorudishwa Julai 2021 kwa miaka miwili, imetangazwa kuwa miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027, ukiacha wa shahada ya uzamivu. Faini kwa mwajiri anayemwajiri mtu asiyeruhusiwa ilipanda Februari 2024 hadi pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi kwa kosa la kwanza. Kwa hiyo usidhani mwajiri atafumba macho kwa huruma.

La pili: "Hatuna mahali pengine pa kwenda." Hili lina uzito. Tarehe 16 Desemba 2025 Rais Trump alitia saini tangazo lililoiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanasimamishiwa viza za matembezi na za masomo kuanzia Januari 1, 2026. Ndugu zetu wa Burundi walikuwa wameshawekwa humo tangu Juni 2025. Mlango wa Marekani ukibanwa hivyo, wazazi wengi wataelekeza macho Uingereza, na simu zetu zitalia zaidi. Ndiyo sababu nayaandika haya sasa. Lakini kukosa pengine pa kwenda hakubadilishi ile hesabu ya pauni 1,058.

La tatu ndilo linaloniuma, nalo ni kwamba msimamo wangu unawaachia njia watoto wa matajiri peke yao. Ni kweli, kwa sehemu. Sharti la pesa linachuja kwa mfuko, halichuji kwa akili. Ningekuwa na kura bungeni Westminster ningelipinga sharti la akaunti ya mzazi tu, na ningeuliza kwa nini kijana anayekatwa kodi kwenye mshahara wake alipe tena ada ya afya. Ila sina kura hiyo, na mtoto wa maskini ndiye anayeumia kuliko wote salio la kukopa linaporudi kwa mwenyewe. Mtoto wa tajiri akikwama Coventry mwezi wa Februari anapiga simu, kesho pesa imeingia.

Na sisi si maskini wa kuchanga. Hapa nitawagusa wengi. Mwaka mzima tuko kwenye kamati. Kamati ya harusi, kamati ya kitchen party, kamati ya send-off, kila mtu ana kadi ya ahadi na mweka hazina anayekukumbusha kila siku. Nimeona harusi zikikusanya milioni thelathini kwa miezi minne, zikaisha kwa usiku mmoja, na hakuna hata mmoja aliyedai mchango wake urudi Jumatatu. Kwa nini kamati ya masomo hatuiwezi? Ndugu ishirini, wa nyumbani na wa nje, kila mtu na anachokiweza, kuanzia mwaka mmoja kabla. Pesa inaingia kidogo kidogo kwenye akaunti ya kijana mwenyewe, kwa jina lake, na taarifa ya benki inaonyesha ikipanda mwezi baada ya mwezi. Haina haja ya kufichwa, kwa sababu ni yake kweli. Mjomba ambaye sheria haimtambui anakuwa ameingia kwa mlango wa mbele. Akiulizwa zimetoka wapi, kijana anajibu ukweli bila kutafuta maneno: ndugu zangu wamenichangia, hizi hapa tarehe.

Wengine watagundua katikati ya kuchanga kwamba pesa haitoshi. Hapo tusione aibu kuahirisha mwaka, au kutafuta ufadhili kama Chevening na Commonwealth, ambao unalipa ada na posho, au kusoma Muhimbili, Makerere au Nairobi, na kuja huku baadaye kwa kazi ukiwa na taaluma mkononi. Wauguzi wengi ninaofanya nao kazi wamekuja kwa njia hiyo ya mwisho. Hawakuanza maisha hapa na deni la mtu.

Mama mdogo nilimpa jibu la hapana kwa zile milioni za siku 28, nikaahidi pauni mia tatu zisizorudi kama wataunda kamati. Alinuna wiki mbili. Baadaye akanitumia orodha ya majina kumi na moja, la kwake likiwa juu, na swali moja: hizo mia tatu nitazituma lini? Kijana hajaondoka bado. Wanalenga Septemba ya mwaka unaofuata.

Naomba kuwasilisha.